Zamu ya Twiga

Babu yangu mzaa mama alikuwa na kisa alichokipenda kuliko vyote: kisa cha twiga wa Malindi aliyevushwa bahari mpaka China. Utotoni nilikiweka kapu moja na ngano za Sungura na Fisi. Nilipokua nikakikuta vitabuni. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme Yongle wa ukoo wa Ming, na watu wa kasri wakamwita qilin, mnyama wa baraka katika masimulizi yao ya kale. Wako wataalamu wanaodhani kwamba jina hilo lilichochewa na neno la Kisomali, geri, ambalo mabaharia walilisikia huku kwetu likawaingia masikioni kama jina la mnyama wao. Geri ndiye twiga.

Kuna swali moja ambalo kisa hicho hakikuwahi kunijibu. Twiga hazaliwi bandarini. Kuna watu waliomtoa nyika wakamteremsha pwani. Nyika hiyo ikoje, na watu wake wanaishi naye vipi? Septemba 2025, mwishoni mwa hagaa, kiangazi kinachotangulia mvua za deyr, nilifunga begi moja nikapanda basi la Garissa, nikiwa na nia ya kufika Wajir kuwatazama geri kwao.

Jambo moja nililijua kabla ya kuondoka. Ukiitazama ramani ya hifadhi za taifa za Kenya, kaunti ya Wajir, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 55,000, haina hata moja. Majirani wanazo: Mandera ina Malka Mari kando ya mto Daua; Garissa ina Rahole, Boni na Arawale, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya hirola, swala adimu ambaye leo hafiki 500 katika nyika zote za dunia. Wajir hakuna lango wala tiketi. Hata hivyo, sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu twiga 34,240 nchini Kenya, na 19,725 kati yao ni twiga wa kaskazini mwa nchi, wale wenye ngozi kama wavu. Sehemu kubwa yao wako katika nyika hizi za Garissa na Wajir, nje ya uzio, katikati ya ngamia na mbuzi wa watu.

Basi lilitoka Malindi likapita Garsen, likashika njia ya Hola, mto Tana ukiwa upande wa kulia bila kuonekana, ila unaujua kwa mstari wa miti ya kijani kule mbali. Kwenye vizuizi tulishuka, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda tena. Jioni tulivuka daraja, maji ya kahawia yakipita chini, na Garissa ikatupokea kwa joto lake na kwa wale korongo wakubwa wenye vichwa vya upara, waliosimama juu ya migunga ya mjini kama wazee wanaosubiri kikao kifunguliwe.

Alfajiri ya pili, baada ya swala, bodaboda alinipeleka Bour-Algi, kusini kidogo mwa mji. Ni hifadhi ya jamii iliyoanzishwa mwaka 1999, ya kilomita za mraba 125 hivi, na wanaoilinda ni wenyeji wenyewe. Mlinzi mmoja, kijana mrefu aliyevaa kikoi na viatu vya tairi, alikubali tutembee kwa miguu. Alinionyesha kwanza swala twiga, aliyesimama kwa miguu miwili ya nyuma akichuma majani ya juu kabisa ya kichaka, shingo nyembamba kama mkono wa mtoto. Wazungu humwita gerenuk, na mlinzi akanieleza kwa fahari kwamba jina hilo wamelitoa kwa Wasomali: garanuug. Baadaye tukaona digidigi wawili, kisha mbuni wa Kisomali, ambaye shingo yake ni ya rangi ya samawati.

Geri tuliwakuta tukiwa tumeshaacha kuwatafuta. Walikuwa saba, wamesimama kimya nyuma ya migunga, na mmoja hakuwa mbali na mimi hata hatua thelathini. Kwetu pwani ukuta wa mawe ya matumbawe ukijengwa vizuri, fundi huyapanga mawe na kuyapaka chokaa kwenye viungo, na unapokauka unaona mtandao mweupe ukilizunguka kila jiwe. Ngozi ya twiga huyu ndivyo ilivyo: vipande vikubwa vya rangi ya udongo uliochomwa, na kati yake mistari myembamba myeupe, safi, kama iliyopigwa kwa mwiko. Alitoa ulimi, mweusi unaoelekea zambarau, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Akauzungusha kwenye tawi lililojaa miiba, akavuta, na majani yakatoka huku miiba ikibaki palepale. Nilisikia mchakacho wa meno yake. Alinitazama muda wote huo kwa jicho moja lenye kope ndefu, bila hofu wala udadisi, kama mtu anayemtazama mpita njia barazani kwake.

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Agosti 2025, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilikuwa limetangaza kwamba twiga si mnyama wa aina moja bali aina nne, na huyu wa kaskazini mwa Kenya ni aina yake peke yake. Nilimweleza mlinzi. Akasema hilo wao walilijua zamani, maana hakuna aliyewahi kumchanganya geri na mnyama mwingine. Kisha akanikumbusha habari za Ijara, kusini mwa kaunti hiyohiyo, katika hifadhi ya Ishaqbini. Huko kulikuwa na twiga weupe, na mwezi wa Machi 2020 ikajulikana kwamba majangili wamemuua jike mweupe na mtoto wake. Akabaki dume mmoja peke yake, aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia kwa satelaiti. "Mtu akimuua geri," mlinzi alisema, "ameniibia mimi na watoto wangu. Sisi ndio tunaoamka naye."

Kutoka Garissa hadi Wajir njia hupita Modogashe na Habaswein. Ardhi ni tambarare mno, na gari likienda saa nzima unahisi hujasogea. Vumbi lilikuwa jekundu, kisha likawa jeupe, kisha jekundu tena. Kando ya barabara ngamia walikuwa wakitembea kwa mstari, kengele za mti zikilia shingoni. Abiria wa jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa akirudi kwa binti yake aliyejifungua, alinigawia nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa, na anjera kutoka kwenye kibati chake. Nilipoanza kukataa kwa adabu akanikatiza: "Kula, mwanangu. Njia hii hakuna anayekula peke yake." Baada ya Habaswein alinigusa bega akaonyesha dirishani. Twiga wanne walikuwa wakivuka njia mbele yetu. Dereva hakupiga honi, wala hakuna abiria aliyeshangaa au kutoa simu. Basi lilisimama, wakavuka, likaondoka. Wamezoea kupishana, kama majirani kichochoroni.

Wajir ni mji mweupe. Mawe yake ni ya chokaa, yamechimbwa papo hapo, na saa za mchana macho huuma kwa mng'ao. Lakini siri ya mji iko chini ya mawe hayo. Maji hayako mbali. Kisima hakihitaji kina kirefu. Inasemekana hata jina lenyewe lina maana ya kukutana pamoja, kwa kuwa koo zilizotawanyika nyika nzima zilikutanishwa na visima. Vile vya Orahey, katikati ya mji, vimechotwa kwa vizazi na vizazi, na mpaka leo mikokoteni ya punda hupakia mitungi ya njano na kuisambaza mitaani. Waingereza, walipoweka kituo chao hapa, walijenga klabu wakaiita ya mashua, Royal Wajir Yacht Club, katika nchi isiyo na bahari wala mto. Mimi mtoto wa pwani nilifikiri kwamba mji huu haukukosa jambo la kweli la kujivunia. Maji yalikuwepo, chini ya miguu yao, na watu walikuwa tayari na sheria za kuyagawana.

Jioni nilikwenda Ziwa Yahud, mwendo mfupi kutoka mjini. Ziwa hili lilichimbwa na binadamu. Wenyeji husema ni shimo lililobaki mawe yalipochimbwa kujenga uwanja wa ndege katika miaka ya 1970, nalo jina lake linatokana na mafundi wa Kiisraeli waliokuwa wakifanya kazi hiyo. Maji yalitoka chini, mvua zikaongezea, na wanyama wakapafanya pao. Mwishoni mwa hagaa maji yalikuwa yamerudi nyuma, yakaacha ukingo mpana wa tope lililokauka na kupasuka. Juu ya tope hilo nilizisoma nyayo kama gazeti: kwato ndogo za mbuzi, sahani za miguu ya ngamia, kwato za punda, na juu ya zote, kwato za twiga, ndefu kama mguu wangu na kiatu chake, zikienda majini na kurudi. Kwenye miiba mifuko ya plastiki ilikuwa ikipepea. Kaunti ingelifanyia hisani kubwa ziwa hili kwa kuanza na hiyo mifuko.

Hapo ndipo nilipokutana na mzee nitakayemwita Adeer, yaani baba mdogo, kama vijana wake walivyokuwa wakimwita. Alikuja kunywesha punda. Akaniuliza natoka wapi, mwana wa nani, nimekula nini, kwa mpangilio huo. Nilipomwambia nimetoka Malindi kuja kumtazama geri alicheka kwa furaha ya kweli. "Warya," akasema, "umewapita wote wale wa njiani ili uje umtazame wangu? Basi usilale mjini leo."

Kisima chake kiko nje ya mji, karibu na boma la familia. Tulifika jua likizama. Shaha, yaani chai, ya maziwa ya ngamia ilikuwa tayari, tamu na yenye moshi, kwa sababu kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa makaa ya mti maalumu kabla ya kutiwa. Vijana wawili walisimama juu ya mdomo wa kisima wakivuta ndoo ya mpira iliyoshonwa kutokana na tyubu ya gari. Mmoja aliimba, mwingine akaitikia, na kila mwitiko ndoo moja ilimwagwa kwenye hori la saruji. Mbuzi walikunywa kwanza, wakifuatiwa na ngamia wenye watoto, kisha ngamia wengine. Adeer alinieleza hesabu. Kisima ni cha waliokichimba na kukisafisha, na zamu ya kwanza ni yao. Baada yao huja ndugu, baada ya ndugu mgeni. Mgeni hanyimwi, ila husubiri. Kisima chenye watu wasiojua zamu huleta damu, na Adeer aliviona visima vya namna hiyo ujanani mwake.

Ngamia wa mwisho alipoinua kichwa, vijana hawakukunja kamba. Waliendelea kuvuta ndoo nyingine, nyingi, mpaka hori likajaa tena. Nikauliza ni za nani.

"Hii ni zamu ya geri," Adeer alisema.

Nilidhani ananifurahisha. Tukakaa kwenye mkeka, kando, upande ambao upepo hautawapelekea harufu yetu. Wakati tukisubiri alinisimulia ukame. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila kushika. Alikuwa na ng'ombe. Leo hana hata mmoja. Desemba 2021, huko Sabuli, kusini mwa kaunti, twiga sita walikwenda kunywa kwenye silanga, yaani bwawa, iliyokaribia kukauka. Walikuwa dhaifu, tope likawashika miguu, wakashindwa kujinasua. Wenyeji waliwatoa, wakawalaza pembeni karibu na kijiji cha Eyrib ili maji machache yaliyobaki yasiharibike. Picha ya miili ile sita, ikiwa imelala duara juu ya mchanga na shingo zimenyooka, ilizunguka dunia. Niliiona nikiwa Malindi, nikaumia, kisha nikafungua habari nyingine. Adeer aliiona kwa njia nyingine. "Mwezi ule," alisema, "tulianza kulijaza hori usiku. Tuliwaza, maji ya watu yakiisha wataanza kuja mchana, na mchana kuna bunduki na kuna mbwa. Tukisema wao hawana zamu, tumewaua sisi."

Twiga, kwa kawaida, hupata unyevu mwingi kutoka kwenye majani na anaweza kukaa siku nyingi bila kuinama majini. Lakini majani yakikauka hana budi. Na mimba yake ni ya miezi 15. Ukame mmoja wa misimu mitano ni watoto wengi ambao hawakuzaliwa au hawakusimama. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2023 nazo zilikuja kama mafuriko, zikasomba mifugo na nyumba. Hata neema siku hizi haiji kwa kipimo.

Nilimuuliza Adeer kwa nini mtu aliyepoteza ng'ombe wake wote amvutie maji mnyama asiyekamuliwa wala kuuzwa. Alinijibu kwa hadithi ya Mtume ambayo hata mimi niliisoma madrasa: mtu mmoja aliyekuwa na kiu alishuka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakibana kwa meno akapanda, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi hadithi hiyo nikiwa nimekaa juu ya jamvi, bomba la maji likiwa hatua tano kutoka mlangoni. Hapo kando ya kisima niliielewa kwa mabega: niliona jasho la wale vijana.

Kisha, bila kuulizwa, akasema jambo jingine. Akaelekeza mkono magharibi, gizani. Wagalla iko upande huo. Februari 1984 wanaume wa ukoo wake walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilitaja idadi inayokaribia 1,000. Adeer hakunisimulia zaidi ya hapo. Alisema tu: "Mimi najua mtu akinyimwa maji inakuwaje. Siwezi kumfanyia hata mnyama." Nilinyamaza, na nadhani alitaka ninyamaze.

Walikuja saa nne za usiku, mwezi ukiwa umepanda. Mwanzoni nilidhani ni miti iliyosogea. Watatu: jike, mtoto wake, na mwingine aliyebaki nyuma kulinda. Jike alisimama mbele ya hori muda mrefu sana, akisikiliza. Kisha akaanza ile kazi ambayo kwa twiga ndiyo ngumu kuliko zote. Akasogeza mguu wa kushoto nje kidogo, akatulia. Wa kulia, akatulia. Tena, na tena, mpaka miguu ya mbele ikawa imetanuka kama ngazi ya fundi, na shingo yote ile ikashuka polepole hadi mdomo ukagusa maji. Katika hali hiyo twiga hawezi kukimbia. Simba akitokea, amekwisha. Mnyama anayekunywa mbele yako namna hiyo amekuamini, au kiu imemlazimisha kukuamini. Nilisikia maji yakipanda shingoni kwa mikupuo. Alipoinuka, alijirusha juu kwa ghafla, matone yakaruka kutoka mdomoni, na kwa nukta moja mwezi uliyashika yote.

Mtoto alikunywa baadaye, kwa kujaribu mara tatu. Yule aliyekuwa akilinda akawa wa mwisho. Hata wao wana zamu.

Kwa atakayetaka kwenda, nitasema machache. Safiri mchana, beba kitambulisho, uliza hali ya usalama kwa wenyeji kabla ya kila hatua, na uwasikilize. Vaa mavazi ya heshima. Usimpige mtu picha kabla ya kumuomba ruhusa, wala kisima chake. Mtafute mlinzi wa jamii akutembeze, na umlipe vizuri, kwa sababu sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imezitambua hifadhi za jamii lakini kutambuliwa hakujazi hori. Fedha ya mgeni ikifika kwa anayevuta kamba, imefika kwa twiga.

Walipokwisha kuondoka, nilimsimulia Adeer kisa cha babu: jahazi, bahari, mfalme wa China, mnyama wa baraka. Alisikiliza kwa makini, kidevu juu ya bakora. Nilitegemea aulize kuhusu mfalme, au namna walivyompakia. Alifikiri kidogo, akauliza:

"Kutoka nyika mpaka pwani ni siku nyingi. Njiani alinyweshwa na nani?"

Sikuwa na jibu, maana babu hakuwahi kuwataja hao. Wala vitabu havikuwataja. Lakini walikuwepo, kisima baada ya kisima, watu waliovuta ndoo ya ziada baada ya mifugo yao kushiba, na twiga akafika hai. Hori mbele yetu lilikuwa tupu na usiku ulikuwa bado mrefu. Mmoja wa vijana alinipa ncha ya kamba. Nikasimama juu ya mdomo wa kisima, nikashusha ndoo mpaka niliposikia imegusa maji, nikaanza kuvuta.